SOMO: Kupangisha nyumba kwa mwenye vocha ya Seksheni 8 hapa Marekani, utamu wake, uchungu wake na pale nilipochemka

Wakuu salaam. Kila wiki napigiwa simu na mbongo mwenzangu, kanunua dupleksi (jengo moja lenye nyumba mbili) au kahamia nyumba kubwa akabaki na ile ya zamani, swali ni lilelile: "eti hawa watu wa Seksheni 8 pesa wanalipa kweli?" na la pili "nasikia wanaharibu nyumba". Nimejibu mpaka koo limekauka. Leo naandika mara moja, ukinipigia tena nakutumia hii, usininunie.

Niko Ohio, nina dupleksi moja ya mwaka 1951. Siyo tajiri wala wakili, ni dereva wa lori ambaye mke wake ndiye mwenye akili ya hesabu. Upande wa kushoto yupo mpangaji wa vocha tangu 2019, upande wa kulia wamepita watatu, wawili wa vocha na mmoja wa kulipa mfukoni. Huyo wa mfukoni ndiye aliyehama usiku na kodi yangu ya miezi miwili. Nasema tu.

Kwa asiyejua: vocha ya Seksheni 8 ni msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba kwa mwenye kipato kidogo, pesa inatoka HUD, wizara ya nyumba ya serikali kuu, inapitia ofisi ya nyumba ya mji au kaunti yako (wanaiita PHA). Kifungu chenyewe kiliingizwa kwenye sheria ya nyumba mwaka 1974, jina likabaki hilohilo. Mpangaji anatoa kama asilimia 30 ya kipato chake baada ya makato fulani, ofisi inamalizia, na hela inaingia kwenye akaunti yako wewe, haipiti mkononi kwake.

Mfano, namba nimezitunga ili ueleweke. Kodi yako 1,250. Umeme na gesi analipa mpangaji, ofisi inakadiria ni 150, jumla 1,400. Kipato chake kwa mwezi 1,500, asilimia 30 ni 450. Ofisi inakulipa 950. Sasa wengi wanadhani mpangaji atakuletea 450, hapana, ile 150 ya umeme iko ndani ya 450 yake, kwa hiyo kwako analeta 300. Jumla 1,250 yako imetimia. Nimeshapigiwa simu ya hasira kuhusu hiyo "150 iliyoibiwa" mara nne. Haijaibiwa.

Utamu ni kwamba mpangaji akipunguziwa saa kazini anaripoti, mchango wake unashuka na wa ofisi unapanda, wewe unapata ileile. Mwaka 2020 kila mtu analia wangu hawakukosa hata mwezi mmoja. Halafu hawahami hovyo, maana foleni ya kupata vocha ni ya miaka, mtu akiipata anaishika kama mboni ya jicho.

Uchungu: makaratasi, ukaguzi wa mara kwa mara, kuongeza kodi ni mpaka uombe (toa taarifa siku 60 kabla, na mwaka wa kwanza wa mkataba usahau), na mwanzo ni wa polepole kama konokono. Kuharibu nyumba? Binadamu ni binadamu, nitafika.

HATUA YA 1. Jua sheria ya ulipo. Sheria ya nchi nzima haikulazimishi kupokea vocha, ila California, New Jersey, Massachusetts, Illinois na majimbo mengine kadhaa, ukimkataa mtu kwa sababu tu ana vocha umevunja sheria. Na mahali jimbo liko kimya mji unaweza kuwa na sheria yake.

HATUA YA 2. Angalia kiwango cha malipo cha ofisi yako kwa idadi ya vyumba, kiko kwenye tovuti yao. Kodi yako vilevile italinganishwa na nyumba za jirani zisizo na vocha, hivyo usiote ndoto.

HATUA YA 3. Tangaza, andika wazi kwamba vocha unapokea. Simu zitakuja.

HATUA YA 4. Mchuje mpangaji WEWE MWENYEWE. Watu wanadhani ofisi imeshamchunguza. Ofisi inachunguza kipato na kama anastahili, tabia ya upangaji ni kazi yako. Tumia vigezo vilevile unavyotumia kwa kila mwombaji, angalia rekodi za mahakama, na uliza ofisi anwani yake ya sasa na ya kabla ya hapo pamoja na wenye nyumba, wakiwa nazo wanatakiwa kukupa. Mpigie yule wa KABLA, siyo wa sasa. Wa sasa anaweza kumsifia ili aondoke.

HATUA YA 5. Mpangaji anakuletea bahasha ya fomu ya kuomba ofisi impe kibali cha kupanga kwako, mnajaza, mnarudisha. Sehemu ya nani analipa gesi, maji na umeme usiijaze ukiwa na usingizi.

HATUA YA 6. UKAGUZI. Hapa ndipo nilipochemka.

Februari 2019 alikuja mama mmoja na watoto watatu, vocha yake inakaribia kuisha muda (kwa kawaida wanapewa angalau siku 60 kutafuta), wanalala sebuleni kwa dada yake, nje baridi la kukata masikio. Roho ikaniuma. Nikampa funguo, nikajisemea ukaguzi ni kitu kidogo, nyumba yangu ni safi. Inspekta akaja siku ya 12. Kafelisha. Rangi imebanduka kwenye fremu za madirisha mawili, nyumba ni ya kabla ya 1978 (rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, sumu kwa watoto) na mtoto wa mwisho ana miaka 3, na chini ya miaka 6 mambo ya rangi yenye madini ya risasi hawana mchezo nayo. Hita ya maji, ile valvu ya usalama haina bomba la kushusha maji chini. Jiko, plate moja haiwaki. Na soketi ya jikoni karibu na sinki siyo ya GFCI (ile inayokata umeme yenyewe ili mtu asipigwe shoti). Rangi huwezi kukwangua na kupaka mwenyewe Jumamosi, kuna utaratibu wa kuzuia vumbi na mtu aliyefunzwa, na niambie nani anapaka rangi fremu za nje Februari Ohio? Marudio yakafanyika Machi mwishoni, tukapita. Sasa sikia: ofisi yangu hailipi hata senti ya siku zilizo kabla ya nyumba kupita. Mwezi na nusu umeenda na maji. Yule mama ningemdai nini, kipato chake hata nusu ya kodi hakifiki. Mke wangu hakusema kitu, alifungua daftari akaandika sifuri mbili, akalifunga.

Kwa hiyo: USITOE FUNGUO KABLA NYUMBA HAIJAPITA NA OFISI HAIJAKUPA TAREHE YA KUANZA. Hata akilia. Hata ukilia wewe. Msaidie vingine, muombee kwa afisa wake aongezewe muda wa vocha, hilo linawezekana.

Kabla inspekta hajaja zunguka mwenyewe na karatasi. Ving'ora vya moshi kila ghorofa na vyumbani, bonyeza kimoja kimoja. Umeme, gesi na maji VIWE VIMEWASHWA, jamaa yangu alifeli kwa sababu gesi ilikuwa imekatwa, hita haikuweza kupimwa. Madirisha yafunguke, yakae yenyewe bila kuegeshwa na fimbo, na yajifunge. Ngazi zenye vidato vinne au zaidi ziwe na mkono wa kushika. Vifuniko vya soketi visiwe na ufa. Kitasa kinachohitaji funguo kwa ndani kitoe, moto ukiwaka watu wanatokaje? Hivi vyote kwangu havikufika dola 200, ukitoa fundi wa rangi.

HATUA YA 7. Mikataba ni miwili: wako na mpangaji (wenye nyongeza ya HUD, ikigongana na maneno yako, ya HUD ndiyo inashinda) na wako na ofisi. Saini vyote, weka nakala.

HATUA YA 8. Malipo ya kwanza huchelewa, yanakuja na malimbikizo. Yakichelewa piga simu OFISINI. Sehemu ya ofisi siyo deni la mpangaji, huwezi kumtoa kwa sababu hiyo.

Maswali karibuni, ila somo lisomwe kwanza.

---

mzee_wa_garage: Mkuu asante kwa somo, swali, je naweza kumwingiza mtu wakati nasubiri ukaguzi maana ameshalipa dipoziti?

Mwandishi: Hatua ya 6. Ile yenye herufi kubwa.

mzee_wa_garage: Nimeiona ila yeye ameshalipa dipoziti

Mwandishi: Hata mimi nililipwa.

Kipanga77: Bro, mimi nataka 1,600 ofisi imekubali 1,450. Jamaa mwenyewe yuko tayari kunitumia 150 kila mwezi kimyakimya. Si tumekubaliana watu wazima?

Mwandishi: Hapana. Ukisaini mkataba na ofisi umesaini kwamba hupokei chochote juu ya kodi iliyoidhinishwa. Hiyo 150 ni udanganyifu dhidi ya serikali kuu, unaweza kulazimishwa kurudisha hela zote na faini juu, na yeye anapoteza vocha. Halafu umeiandika hapa hadharani. Kama 1,450 haikutoshi peleka ofisini kodi za nyumba za jirani zinazofanana na yako uombe waangalie upya, au tafuta mpangaji mwingine.

Kipanga77: Sawa sawa nilikuwa nauliza tu

dada_wa_Tacoma: Shikamoo kaka. Mimi niko Washington, kinachonitia hofu ni uharibifu. Dipoziti ya mwezi mmoja haifiki popote mtu akikuvunjia makabati, na hawa kipato hawana, utamshtaki upate nini? Au ofisi inafidia?

Mwandishi: Marhaba dada, hili ndilo swali. Ofisi yenyewe kwa kawaida haifidii. Ila wewe una bahati, jimbo lako lina mfuko wa kufidia wenye nyumba wanaopangisha watu wa vocha, Oregon nao wanao. Ingia usome masharti kabla mpangaji hajaingia, maana watataka ushahidi wa hali ya nyumba mwanzoni. Mimi Ohio sina hiyo, kwa hiyo napiga video nyumba nzima siku ya funguo, mpangaji yumo ndani ya video, tunafungua kila droo. Jambo la pili, yule mtu ana kitu cha kupoteza. Akivunja mkataba vibaya vocha yenyewe inaweza kuondoka, na hana pa kuipata tena. Yule wangu wa mfukoni alikuwa anapoteza nini? Ila usilitumie kama fimbo kila siku, mtu hawezi kuishi hivyo. Mkumbushe siku ya kusaini, basi.

dada_wa_Tacoma: Video na mpangaji yumo ndani! Hiyo nimeichukua.

Sharobaro_OH: Mi naona wale ni wachafu tu, mnajitafutia presha.

Mwandishi: Una wapangaji wangapi?

Sharobaro_OH: Sina ila nimesikia

Mwandishi: Haya.

fundi_Mosi: Mkuu, mdogo wake mke wangu kapata vocha, naweza kumpangisha basement yangu? Familia kwanza.

Mwandishi: Hati ya nyumba ina jina la mkeo? Kama limo, haiwezekani. Mwenye nyumba hatakiwi awe mzazi, mtoto, babu, bibi, mjukuu, kaka au dada wa yeyote kwenye kaya ya mpangaji, isipokuwa ofisi ikiruhusu kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu. Kama hati ni yako peke yako, shemeji hayumo kwenye orodha, lakini waeleze ofisi kila kitu mapema wasije wakajua kwa jirani. Na hiyo basement, chumba cha kulala bila dirisha hakipiti.

mama_Uvira: Ndugu, miye niko upande ingine, niko na vocha, tulikuya kama refugee. Mwenye nyumba ananiambia mkimbizi hana haki ya vocha, eti watamukamata pesa. Ni kweli?

Mwandishi: Mama karibu sana, na hapana, si kweli. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi, aliyepewa hifadhi, mwenye green card, wote wanastahili. Ofisi ilishakagua hati zako kabla ya kukupa, mwenye nyumba hilo siyo kazi yake. Muombe aongee na afisa wako kwa simu ukiwa hapohapo. Na angalia tarehe ya mwisho ya vocha yako leo hii, kama zimebaki wiki mbili tatu andika barua ya kuomba kuongezewa muda, usingoje iishe. Weka orodha ya nyumba zote ulizoomba na tarehe zake, itakusaidia.

mama_Uvira: Aksanti sana ndugu. Tarehe ni ya mwezi hii. Naandika leo.

Mwandishi: Andika. Ukikwama kwenye Kiingereza nitumie, mke wangu ataiangalia.

JoJo_wa_Temeke: Nje ya mada kidogo, ukaguzi wa marudio wangu kafeli kwa king'ora cha moshi kimetolewa, mpangaji anasema akikaanga samaki kinalia jengo zima. Kosa nalibeba nani?

Mwandishi: Karatasi inakuja kwako, siku zinahesabiwa kwako. Kitu cha hatari wanakupa saa 24, vya kawaida siku 30, zikipita wanasimamisha malipo na siku zilizosimamishwa hawazirudishi. Usigombane, kirudishe leo. Wangu alikuwa anakifunika na kofia ya kuogea, nikamnunulia feni ya jikoni ya kutoa hewa nje na kile king'ora nikakisogeza mbali na jiko.

dada_wa_Tacoma: Kofia ya kuogea 😂😂 mama yangu anafanya hivyohivyo

JoJo_wa_Temeke: Hiyo feni umeifunga mwenyewe au fundi?

Mwandishi: Mwenyewe, dirishani, dakika 40. Pima upana wa dirisha kwanza, ya kwanza niliirudisha dukani.