Kabla ya kufunga kilti kwa mara ya kwanza

Umealikwa harusi Uskoti, na kadi inasema wanaume wakipenda wavae kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Kiskoti. Mgeni anaruhusiwa? Anaruhusiwa, na wenyeji hufurahi wakimwona amejitahidi. Si lazima uwe wa ukoo wa Kiskoti, kwa kuwa zipo tartani, yaani vitambaa vile vya miraba, zinazovaliwa na yeyote, kama Black Watch. Ila ujue unavaa nini. Baada ya mapigano ya Culloden ya 1746, ambapo jeshi la serikali liliwashinda waasi wa nyanda za juu za Uskoti, Bunge la Uingereza lilipiga marufuku mavazi haya. Mwanamume asiye askari akikutwa nayo alifungwa miezi 6, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1782. Basi vazi hili livae kwa heshima ileile unayoipa kanzu yako ya Idi.

Kinachowaangusha wengi ni vipimo. Suruali hukaa nyongani, lakini kilti hukaa juu, usawa wa kitovu. Ukimtumia mwenye duka la kukodi kipimo cha suruali, huenda ukaletewa kilti isiyofunga. Chukua futi ya fundi uizungushe kitovuni, kisha kwenye makalio pale palipojaa zaidi. Urefu, kuanzia kitovuni hadi katikati ya pia ya goti, upimwe na mtu mwingine nawe umesimama wima ukitazama mbele, maana ukiinama kusoma namba, kipimo kimeshabadilika. Kilti kamili hula yadi 8 hivi za sufu, kama mita 7, na marinda yake hushonwa kwa uangalifu mkubwa, kwa hiyo bei yake si ndogo. Kwa sherehe moja ningekushauri ukodi, tena uagize mapema, kwani miezi ya kiangazi harusi ni nyingi.

Uliza pia koti. Koti fupi la Prince Charlie, pamoja na kizibao na tai ya kipepeo, ni la shughuli rasmi za jioni. Mchana koti la Argyll na tai ya kawaida vinatosha. Ukivaa kizibao, acha mkanda.

Siku yenyewe anza na soksi na viatu, kwa sababu ukishajifunga kilti kuinama ni kazi. Soksi zikunjwe vidole viwili au vitatu chini ya goti. Viatu vyake havina ulimi. Kamba zisokote mara kadhaa mbele, uzizungushe juu kidogo ya kifundo, ufunge hapohapo bila kuzipandisha hadi kwenye misuli ya mguu. Marinda hukaa nyuma, upande bapa mbele, na ncha ya juu hufungwa kulia. Pini ichome kitambaa cha juu peke yake. Ukikibana pamoja na kile cha chini yake, kilti haitaanguka vizuri na unaweza kuichana. Pochi ya mbele, sporani, ining'inie katikati, chini kidogo ya kizibao.

Kile kisu kidogo cha kwenye soksi, sgian dubh, sheria ya Uskoti inakiruhusu kikiwa sehemu ya vazi la taifa. Kwenye ndege kiweke katika sanduku linalokwenda chini, si kwenye mkoba wa mkononi.

Watu watakuuliza umevaa nini ndani. Vaa nguo ya ndani. Kilti ya kukodi imepita kwa wengine na itakwenda kwa wengine, na usiku kuna ceilidh, hutamkwa keli, ngoma ambazo watu huzungushana kwa kasi na marinda hupaa. Kabla ya kuingia uwanjani, sogeza sporani ubavuni isikupige. Kukaa nako kuna namna yake: pitisha mkono nyuma uyalaze marinda, kisha ukae magoti yakiwa karibu. Jizoeze nyumbani mara kumi.

Kama sherehe ni magharibi mwa nyanda za juu wakati wa kiangazi, beba dawa ya kufukuza wadudu. Jioni isiyo na upepo, visubi wa kule hawana huruma na magoti yaliyo wazi.

Ukirudi usiku, hata kama umechoka, itundike kilti kwa vibanio kabla ya kulala. Ukiibwaga kitini, asubuhi marinda yatakuwa yamevurugika, na kuyanyoosha moja moja kwa pasi ya hotelini ni kazi ya asubuhi nzima.