Mliostaafu Thailand, kabla hamjapanda ndege kuja Entebbe

Wazee wetu mnaokaa Thailand na visa ya kustaafu, mkitaka kuja kusalimia huku Uganda msitoke hivi hivi mkidhani ile stempu ya kukaa mwaka kwenye pasipoti itawangoja, ukitoka bila kibali cha kuingia tena inakufa palepale kaunta ya uhamiaji, unaanza upya na zile baht (pesa ya Thailand) 800,000 za kuonyesha benki, bambi. Omba mapema kwa fomu TM.8, baht 1,000 kutoka mara moja, 3,800 mara nyingi, kama una mama mgonjwa kijijini we chukua tu hiyo ya pili. Ila kibali hakiongezi siku, rudi kabla tarehe ya stempu haijapita. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, ukirudi Thailand ukitokea Uganda lazima wataidai.