Somo: Kuunda kompyuta ya magemu ya enzi za Windows XP kutoka kwenye mashine ya ofisi ya mtumba

Magemu ya kompyuta yaliyotoka kati ya 2001 na 2008 yana kwao, na kwao ni Windows XP juu ya mashine ya wakati ule. Ukiyaweka kwenye kompyuta mpya, mengi hugoma. Yale ya CD yaliyofungwa kwa kinga ya SafeDisc hayafunguki Windows 10, kwa sababu Microsoft iliiondoa draiva ya kinga hiyo. Sauti ya EAX, ile inayokufanya usikie mwangwi wa pango au hatua za adui nyuma yako, ilipoteza njia yake Windows Vista ilipoingia mwaka 2007, maana tangu hapo gemu haliruhusiwi kuzungumza moja kwa moja na kadi ya sauti kupitia DirectSound3D. Kwenye XP yote haya yanafanya kazi bila hila yoyote.

Mashine zinazofaa bado zimejaa kwa wauza mitumba: Dell OptiPlex 755 na 780, HP Compaq dc7900, HP Compaq 8000 Elite. Zote zina soketi ya LGA775 na prosesa za Core 2. Mfano wetu hapa ni OptiPlex 780, lakini hatua karibu zote zinafaa kwa hizo nyingine.

Vitu vya kutafuta

- OptiPlex 780 ya mnara, si ile nyembamba ya kulaza. Nyembamba hupokea kadi fupi tu na pawasaplai yake ni ndogo.
- Prosesa Core 2 Duo E8400: GHz 3.0, kache ya MB 6, wati 65. Watu wengi hukimbilia Core 2 Quad kwa kuona namba nne. Kwa magemu ya zama hizi ni makosa: mengi hutumia kiini kimoja au viwili, hivyo E8400 huipita Q6600 ya GHz 2.4, tena bila joto jingi.
- RAM ya DDR3, vipande viwili vya GB 1. Ukiweka GB 4, XP ya biti 32 itaona kama GB 3.25 tu, na magemu machache ya zamani huchanganyikiwa yakikuta zaidi ya GB 2. Angalizo: 755 na dc7900 hutumia DDR2. Kijinafasi cha katikati kimekaa mahali tofauti, kwa hiyo RAM ikikataa kuingia usiilazimishe.
- Kadi ya picha: GeForce GT 240 (wati 69) au Radeon HD 4670 (wati 59).
- SSD ya SATA ya GB 120, au diski ya kawaida ya GB 160 ambayo ni nzima.
- Kiendeshi cha DVD cha SATA, betri ya CR2032 (ya ubaoni), pasti ya kupitishia joto la prosesa.
- Si lazima, ila inabadilisha kila kitu: kadi ya sauti ya Sound Blaster Audigy 2 ZS ya PCI, yenye EAX 4.0. Mnara wa 780 una sloti mbili za PCI.

Hatua ya 1: Kagua kabla hujatoa pesa

Geuza mashine, utazame pawasaplai kwa nyuma. Ukiona kiswichi chekundu, hakikisha kinasomeka 230. Mashine zilizotoka Marekani huja zikiwa kwenye 115, na ukizichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240 utasikia mlio mmoja tu, kisha moshi. Hili ndilo kosa linaloua mashine nyingi siku ya kwanza, na linazuilika kwa ncha ya bisibisi.

Fungua mfuniko. Tazama kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama karibu na prosesa. Kichwa chake kiwe bapa. Kikiwa kimevimba, au kuna ute wa kahawia umekauka juu yake, achana na ubao mama huo. OptiPlex GX270 na GX280 zinajulikana dunia nzima kwa ugonjwa huu, ndiyo maana hazimo kwenye orodha yetu hata zikiuzwa bei ya kutupa.

Omba iwashwe. Bonyeza F2 uingie BIOS, programu ya ndani ya ubao inayoiamsha mashine. Ikidai nywila usikate tamaa: kwenye ubao wa Dell kuna pini zimeandikwa PSWD zenye kifuniko kidogo cha plastiki. Ukikitoa na kuwasha mashine, nywila inafutika. Muuzaji akikataa hata kuwasha, ondoka.

Hatua ya 2: Usafi

Peperusha vumbi nje ya nyumba, ukishikilia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo. Miguu ya RAM na kadi isugue taratibu kwa kifutio cha penseli, kisha pitisha spiriti ya asilimia 99 na uache ikauke. Kwa mashine zilizokaa Tanga, Mombasa au Unguja hatua hii si ya kuruka: hewa ya chumvi huacha utando usioonekana, na nusu ya mashine "zilizokufa" za pwani huamka kwa kifutio tu.

Hatua ya 3: Pima pawasaplai ikiwa peke yake

Ichomoe kwenye ubao. Kwenye plagi kubwa ya pini 24, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya, kisha washa. Feni izunguke. Weka multimita kwenye DC na upime:

- njano kwa nyeusi: volti 11.4 hadi 12.6
- nyekundu kwa nyeusi: 4.75 hadi 5.25
- chungwa kwa nyeusi: 3.14 hadi 3.47

Ikitoka nje ya hapo, badilisha. Usijaribu "kuiona kwanza", maana pawasaplai mbovu hufa na ubao wake.

Hapa ndipo uchaguzi wa kadi ulipoamuliwa. Sloti ya PCI Express hutoa wati 75, basi. Pawasaplai ya 780 haina plagi ya pini 6 ya kadi, na kadi kama GeForce 9600 GT zinaidai. Zipo adapta za kuunga waya za diski zilishe kadi. Msizitumie kwenye pawasaplai ya ofisi ya wati mia tatu. Waya zile hazikukusudiwa mzigo huo, plagi huyeyuka.

Hatua ya 4: Prosesa

Pini za LGA775 ziko kwenye ubao, si kwenye prosesa. Pini moja ikipinda, ubao umekwenda. Inua wenzo, weka prosesa wima bila kuiburuza, funga. Futa pasti ya zamani, ambayo kwa kawaida imeshakuwa kama simenti, kwa kitambaa chenye spiriti, kisha weka mpya kiasi cha punje ya mchele katikati. Kaza skrubu za kipozajoto kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, kipozajoto kikae sawa.

Hatua ya 5: Diski iandaliwe kwenye kompyuta nyingine

Kisakinishi cha XP huanza patisheni (fungu la diski) kwenye sekta ya 63. SSD na diski mpya zenye sekta za KB 4 huumizwa na mpangilio huo: kila uandishi mmoja unageuka kuwa miwili. Kwa hiyo chomeka diski kwenye kompyuta yenye Windows 7 au zaidi, ichague kuwa MBR, mpangilio wa zamani wa patisheni (XP ya biti 32 haisomi ule mpya wa GPT), tengeneza patisheni, ifomati NTFS. Windows hizo huanza kwenye MB 1 zenyewe. XP haina TRIM, amri ya kuiambia SSD data ipi imefutwa, hivyo acha kama asilimia 20 ya SSD bila patisheni ili iwe na pa kupumulia.

Diski ya mtumba ipime kwanza kwa CrystalDiskInfo. Tazama mstari wa 05 na wa C5, inayohesabu sekta mbovu. Zikiwa na chochote zaidi ya sifuri, diski hiyo si ya kuwekea kitu unachokipenda.

Hatua ya 6: BIOS, halafu XP

Badilisha betri ya CR2032 sasa hivi, kabla ya kugusa mpangilio wowote. Ingia F2, nenda "SATA Operation", chagua yenye neno ATA au Legacy. Ukiiacha kwenye AHCI, njia mpya ya kuzungumza na diski za SATA, XP haina draiva yake, na usakinishaji utaishia skrini ya bluu yenye 0x0000007B.

Tumia CD ya XP yenye SP3 (Service Pack 3). Ile ya kwanza kabisa, isiyo na SP1, haioni diski zaidi ya GB 137. CD ya XP iliyotolewa na Dell yenyewe husoma BIOS ya Dell na haidai kuamilishwa, kwa hiyo ukiipata itunze. Washa, bonyeza F12, chagua DVD. Kwenye orodha ya patisheni chagua ile uliyoitengeneza na useme iachwe ilivyo. Ukiifuta hapo, kazi ya hatua ya 5 imepotea.

Hatua ya 7: Draiva kwa mpangilio huu

Chipseti ya Intel, washa upya, kadi ya picha, washa upya, sauti, mwisho DirectX 9.0c toleo la Juni 2010. Ukianza na kadi kabla ya chipseti, mara nyingine sloti hufanya kazi kwa unyonge na utailaumu kadi bure. Pakua kila kitu kwenye kompyuta nyingine, uhamishe kwa flashi ya FAT32. Kivinjari cha XP hakifungui tovuti nyingi za leo, na mashine hii haina haja ya intaneti hata kidogo. Flashi ya virusi ndiyo adui halisi: XP hupenda kufungua yenyewe kila kilichochomekwa, kwa hiyo shikilia Shift unapoichomeka.

Hatua ya 8: Jaribio

Memtest86+, programu ya kupima RAM, mizunguko miwili bila kosa hata moja. Kisha gemu zito kwa saa moja, ukitazama joto. E8400 isipite nyuzi 70.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu asante kwa somo. Nimeweka GT 240, mashine inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi. Nikitoa kadi inaonyesha vizuri.*

Angalia waya wa monita uko wapi. Kadi ikiwepo, Dell huzima tundu la VGA la ubaoni, hivyo waya lazima uhamie kwenye kadi. Kama umeshahamisha, toa kadi, safisha miguu, irudishe mpaka kilimi cha sloti kilie. Bado? Ijaribu kwenye mashine nyingine.

*Naomba kuuliza, kuna kadi nauziwa inaitwa GTX, GB 4, bei rahisi sana. Inafaa?*

Ndugu, kuwa makini. Kuna kadi za chipu ya zamani zilizobadilishwa jina ndani ya BIOS yake. Omba ichomekwe kwenye mashine yenye Windows mpya na ufungue GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi. Toleo la karibuni huandika FAKE mbele ya jina. Pia tazama kama ina tundu la pini 6. Ikiwa nalo, haikufai kwa pawasaplai hii.

*GTA San Andreas inakimbia vizuri kuliko nilivyowahi kuona, lakini kuogelea kumekuwa polepole na magari yana tabia za ajabu.*

Umezima "Frame Limiter", kizuizi cha idadi ya picha kwa sekunde. Iwashe. Mwendo wa vitu ndani ya gemu lile umefungwa na idadi ya picha kwa sekunde, kwa hiyo mashine ikizidi kasi hesabu zinaharibika. Tatizo si kompyuta yako.

*Fundi, mashine ilikuwa nzima miezi miwili. Umeme ulikatika siku tatu, uliporudi inaleta skrini ya bluu 7B. Nifomati?*

Usifomati! Tazama saa ya BIOS. Ikiwa imerudi nyuma miaka, betri imekufa, BIOS imesahau mpangilio na SATA imerudi AHCI. Irudishe ATA, XP itawaka kama jana. Kisha nunua CR2032 mpya; isomayo chini ya volti 2.7 ni ya kutupa.

*Monita yangu ni inchi 17 ya 1280 kwa 1024. Picha za gemu za zamani zinaonekana zimerefuka.*

Kioo hicho ni 5:4, magemu yale ni 4:3. Kwenye mpangilio wa kadi chagua picha itunze uwiano wake, au weka 1280 kwa 960. Utapata mistari miembamba myeusi juu na chini, lakini nyuso za watu zitarudi kuwa nyuso.

*Nina 780 nyembamba tayari, sina bajeti ya mnara. Niiache?*

Hapana kaka, itumie. Tafuta HD 4650 fupi yenye bati fupi la nyuma. Bati refu halitafunga. Magemu ya hadi 2005 yatakwenda bila shida. Joto ndilo la kuangalia: pawasaplai na kadi vinapumua nafasi moja, kwa hiyo usiilaze kwenye kabati wala kuweka monita juu ya matundu. Ikikuandikia wakati wa kuwaka kwamba feni imefeli, usiizoee kubonyeza F1 kila siku. Fungua, hakikisha plagi ya feni ya mbele imekaa. Kama imekaa na bado inalalamika, feni imechoka. Nunua nyingine yenye plagi ya aina ile ile, maana plagi za feni za Dell mara nyingi haziingiliani na za kawaida.