Mchanga wa paka usitapakae nyumba nzima

Mchanga wa choo cha paka ukitapakaa ndani, chanzo ni mchanga wenyewe. Ule mwembamba wa ufukweni, ambao Mwanza haukosekani, hujibana katikati ya vidole vya paka kisha ukadondoka kidogo kidogo hadi sebuleni. Uchekeche kwa wavu wa dirisha, chukua chenga zinazobaki juu, zioshe na kuzianika mpaka zikauke kabisa.

Beseni la kufulia halifai kuwa choo cha paka: kingo zake fupi, na paka akifukia anarusha nje. Tafuta kontena la plastiki lenye kimo cha sentimita 40 hivi. Upande mmoja kata mlango kwa kisu kilichopashwa moto kwenye jiko la mkaa, ukiacha kizingiti cha sentimita 15. Kwa paka mzee au mtoto, 8 zinatosha. Kingo zipige msasa, la sivyo atajikwaruza na choo chake kipya kitakuwa kitanda chako. Mchanga uwe na kina cha sentimita 5 hadi 7.

Mbele ya mlango wa kontena tandika kifuta miguu chenye manyoya magumu, kirefu kiasi cha hatua tatu za paka. Kikung'utie nje kila siku, unapozoa kinyesi. Choo usikiweke karibu na dirisha linaloelekea ziwani. Upepo wa mchana hupeperusha vumbi.