Jinsi ya Kuomba Ukamishna katika Tume ya Mishahara na Marupurupu Nchini Kenya

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 230, iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, ambayo wengi huiita SRC, na kuipa kazi mbili kubwa: kupanga na kupitia mara kwa mara malipo ya maafisa wa ngazi za juu wa Serikali, na kuzishauri serikali ya kitaifa na serikali za kaunti kuhusu malipo ya watumishi wengine wote wa umma. Kazi hiyo ya pili inaitwa ushauri, lakini haina wepesi ambao watu hudhani neno hilo linao. Mgogoro wa mishahara ya walimu ulipofika Mahakama ya Rufaa mwaka 2015, majaji waliamua kwamba ushauri wa tume hii lazima uombwe, na ukishatolewa ni lazima ufuatwe. Anayeomba kiti hapo anaomba neno zito katika mshahara wa muuguzi wa kaunti, askari wa kituo cha mashambani na mwalimu wa shule ya msingi, na ni vyema aanze maombi yake akilijua hilo.

Hatua ya kwanza: jua kiti unachokitaka kinapendekezwa na nani

Hapa ndipo waombaji wengi wenye sifa nzuri hupotea. Hukaa wakisubiri tangazo moja la nafasi zote za makamishna, ilhali viti vya tume hii havijazwi kwa njia moja. Nafasi ya mwenyekiti hutangazwa wazi na kila Mkenya mwenye sifa anaweza kutuma maombi. Viti vingine kila kimoja kina mwenyewe wa kupendekeza jina, na usipomfikia huyo, barua yako haitakuwa na pa kutua.

Taasisi saba hupendekeza mtu mmoja mmoja: Tume ya Huduma za Bunge, Tume ya Utumishi wa Umma, Tume ya Huduma za Mahakama, Tume ya Huduma kwa Walimu, Tume ya Huduma kwa Polisi, Baraza la Ulinzi, na Seneti kwa niaba ya serikali za kaunti. Kuna viti vingine vitatu, kimoja cha mwavuli wa vyama vya wafanyakazi, kimoja cha mwavuli wa waajiri, na kimoja cha jukwaa la pamoja la vyama vya wanataaluma. Waziri wa Fedha hupendekeza mmoja, Mwanasheria Mkuu mmoja, na Waziri anayesimamia utumishi wa umma hupendekeza mtu mmoja mwenye uzoefu wa kusimamia rasilimali watu. Makamishna hao watatu wa mwisho hukaa mezani na kuchangia, lakini Katiba imewanyima kura.

Zingatia sharti moja ambalo husomwa harakaharaka. Mtu anayependekezwa na mojawapo ya zile taasisi saba hatakiwi kuwa mwanachama wala mwajiriwa wa taasisi hiyo. Mwalimu anayelipwa na Tume ya Huduma kwa Walimu hawezi kupendekezwa na tume hiyohiyo, hata kama hakuna anayeyafahamu masaibu ya mishahara ya walimu kumshinda. Sharti hili naliona la haki, kwa sababu mtu hawezi kuamua malipo ya mwajiri wake kwa moyo ulio huru. Lakini halimfungii mwalimu huyo njia zote, kwani anaweza kutafuta kiti kupitia chama chake cha kitaaluma au mwavuli wa vyama vya wafanyakazi.

Ukishajua kiti chako, iandikie taasisi husika barua rasmi kuuliza utaratibu inaoutumia kupata jina: kama itatangaza, kama itaunda kamati, na itapokea maombi hadi tarehe gani. Katika miavuli ya wafanyakazi na waajiri, jina lisilojulikana na wanachama ni nadra kufika mbali, kwa hiyo kazi uliyoifanya ndani ya chama kwa miaka iliyotangulia ni sehemu ya maombi yako.

Hatua ya pili: kusanya stakabadhi mapema

Barua ya maombi, wasifu, nakala za vyeti vya masomo na nakala ya kitambulisho ndizo za msingi. Zinazochelewesha watu ni zile za kuthibitisha uadilifu chini ya Sura ya Sita ya Katiba. Kwa desturi utatakiwa kuwa na cheti cha kutimiza wajibu wa kodi kutoka Mamlaka ya Ushuru, cheti cha nidhamu njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, uthibitisho kutoka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ripoti ya taasisi ya kutathmini ulipaji wa madeni, na fomu ya kujieleza mwenyewe ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Cheti cha nidhamu kinahitaji alama za vidole, nacho cha kodi hakitoki ikiwa kuna mwaka hukuwasilisha taarifa ya mapato yako, hata kama hukuwa na mapato yoyote mwaka huo. Anza na hivyo viwili. Aliyesomea ng'ambo ahakikishe shahada yake imetambuliwa rasmi nchini.

Wakenya wanaoishi nje huuliza kuhusu uraia pacha, na wengi hukata tamaa kabla ya kusoma Kifungu cha 78 hadi mwisho. Kifungu hicho kinamkataza afisa wa Serikali kuwa na uraia wa nchi mbili, lakini aya yake ya tatu inawaondoa majaji na makamishna wa tume katika katazo hilo. Jambo ambalo halikusamehewa ni akaunti ya benki nje ya nchi: ukiteuliwa, huna ruhusa ya kuiendesha bila idhini, na anayeomba idhini huiomba kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Aidha, kamishna haruhusiwi kushika wadhifa katika chama cha siasa, na ni busara kujiuzulu kwa maandishi mapema na kuhifadhi nakala.

Unapoandika barua yenyewe, jibu sifa zilizotajwa kwenye tangazo moja baada ya nyingine, kwa mpangilio uleule, ukionyesha mwaka, cheo na kazi uliyoifanya. Hadithi ndefu ya maisha haimsaidii anayechuja mamia ya bahasha.

Hatua ya tatu: mahojiano

Anayeitwa kwenye mahojiano na asome misingi minne ambayo Katiba inaitaka tume izingatie: jumla ya malipo ya utumishi wa umma iwe ile ambayo hazina inaweza kuibeba, utumishi wa umma uweze kuvutia na kudumisha watu wenye ujuzi, tija na utendaji vitambuliwe, na kuwe na uwazi na haki. Misingi hii huvutana. Kuwapandishia madaktari mshahara ili wasihame kunagusa uwezo wa hazina, na kuwalipa tofauti watu wa cheo kimoja kwa jina la tija kunagusa haki. Mwombaji atakayeweza kueleza angefanyaje misingi miwili inapogongana atakuwa amejionyesha zaidi kuliko yule aliyekariri namba za vifungu.

Hatua ya nne: kupigwa msasa Bungeni

Kwa mujibu wa Kifungu cha 250, jina lililopendekezwa huidhinishwa na Bunge la Kitaifa kabla ya Rais kuteua. Kamati ya Bunge hutoa notisi kwa umma ikitaja siku na mahali pa kikao, na mtu yeyote anaweza kumwandikia Karani wa Bunge, kwa hati ya kiapo, akieleza kwa nini hufai. Usichukulie haki hiyo ya wananchi kuwa uadui. Tayarisha majibu yenye ushahidi kwa kila kesi uliyowahi kushtakiwa, kila kampuni unayomiliki hisa na kila deni lenye utata. Utaulizwa thamani ya mali yako. Taja kiasi unachoweza kukithibitisha kwa hati, na taja madeni pia. Kamati huangalia vilevile namna jina lako lilivyopatikana, kwa hiyo hifadhi tangazo, barua ya kupokelewa kwa maombi na mwaliko wa mahojiano.

Hatua ya tano: uteuzi na kiapo

Bunge likiidhinisha, Rais huteua kwa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha kamishna huapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Kipindi ni kimoja cha miaka sita, hakirudiwi. Kamishna anaweza kuhudumu kwa muda usio kamili, na hapo ndipo Katiba humruhusu kuwa na kazi nyingine ya kipato. Makamishna wenyewe humchagua makamu mwenyekiti, ambaye lazima awe wa jinsia tofauti na ya mwenyekiti.

Kwa anayesoma haya wakati hakuna nafasi iliyo wazi, kipindi hicho cha miaka sita ndicho kalenda yake. Mwenyekiti wa kwanza, Sarah Serem, aliingia mwaka 2011, na Lyn Mengich akamfuata mwaka 2018. Tafuta toleo la Gazeti Rasmi lililomteua aliyepo katika kiti unachokitaka, ongeza miaka sita juu ya tarehe hiyo, kisha iandikie taasisi inayopendekeza angalau mwaka mmoja kabla.