Kutoka fuvu hadi jina: namna ya kumtambua marehemu asiyejulikana

Uso unaofinyangwa kwa udongo juu ya nakala ya fuvu la marehemu asiyejulikana hauthibitishi kwamba yeye ni fulani. Kazi yake ni moja tu: kumfanya mtu aliyeko Mbagala au Tandahimba asimame mbele ya picha na kusema, "Huyu anafanana na kaka yetu aliyeondoka nyumbani." Baada ya hapo uthibitisho unatoka kwenye alama za vidole, meno au vinasaba, ambavyo mwongozo wa Interpol wa kutambua wahanga wa maafa unaviweka daraja la kwanza. Kwa hiyo kazi inaanzia mochwari, kabla udongo haujaguswa. Mwili ukizikwa bila sampuli, hata uso uliofinyangwa kwa ustadi mkubwa hautakuwa na cha kulinganishwa nacho.

Mochwari, saa za mwanzo

Kwa joto la Dar es Salaam, mwili uliokaa nje siku mbili tatu huvimba na kubadilika rangi kiasi kwamba hata mama mzazi anaweza kukosea. Hukosea kwa namna mbili: anamkana mwanawe, au anamchukua wa mwenzake. La pili ni baya zaidi, kwa sababu familia mbili zinapoteza ndugu kwa mkupuo mmoja. Kuwapitisha watu mbele ya majokofu, iwe Muhimbili, Mwananyamala, Temeke au Amana, hakutoshi kumkabidhi mtu mwili ulioharibika.

Anza na namba. Mwili mmoja, namba moja, kwenye kibandiko kisichoharibiwa na maji kilichofungwa kifundo cha mguu, na nyingine ya namna hiyo hiyo nje ya mfuko. Namba hiyo ionekane kwenye kila picha pamoja na rula. Piga mwili mzima, uso kwa mbele na pande zote mbili, meno huku midomo imeinuliwa, makovu, chale, tatuu, kisha nguo moja moja pamoja na lebo zake. Nguo zisitenganishwe na namba. Kesi nyingi zimepotelea hapo.

Vidole vinafuata, kwa sababu vinawahi kuharibika. Futa kidole, kikaushe kwa spiriti, paka wino kidogo sana, kisha zungushia kipande cha karatasi kwenye kidole. Usiburuze kidole juu ya karatasi. Ncha ikiwa imesinyaa, ingiza maji ya uvuguvugu kwa sindano kupitia chini ya kiungo cha mwisho, taratibu, mpaka mistari itanuke. Kwa mwili uliotolewa baharini ngozi ya mkono mara nyingi huvuka nzima. Usiitupe. Ioshe, ikaushe kwa spiriti, mchunguzi avae glavu kisha aivike ngozi hiyo juu ya kidole chake na kuchukua alama. NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, inahifadhi alama za vidole za waliosajiliwa, na ombi la kulinganisha linapitia polisi.

Meno yanastahili muda kuliko yanavyopewa. Wengi wetu hatuna faili kwa daktari wa meno, lakini karibu kila kijana ana picha akicheka kwenye simu ya mtu mwingine. Mwanya, jino lililopanda mwenzake, pembe iliyomeguka: vyote vinalinganishika na picha ya namna hiyo, mradi na wewe umepiga meno ya marehemu kwa karibu na kwa pembe kadhaa. Kisha soma historia iliyomo. Meno yenye madoa ya kahawia yanayolingana kushoto na kulia yanaelekeza kwenye utoto wa maji yenye madini mengi ya floridi, kama sehemu za Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida. Meno mawili ya mbele ya chini yaliyong'olewa zamani, taya likiwa limeshapona, ni desturi inayojulikana kwa Wamaasai. Chonge zilizokosekana au kuota vibaya huweza kutokana na kung'olewa "meno ya nailoni" uchangani, yaani vichipukizi vya chonge ambavyo watu hudhani vinamletea mtoto ugonjwa. Andika ulichokiona, usiandike kabila. Madoa yanasema mtoto alikunywa maji gani meno yakiwa yanaundwa. Hayasemi wazazi wake ni nani.

Sampuli ya vinasaba ichukuliwe kabla ya formalini, dawa ya kuhifadhi maiti, maana formalini huviharibu. Kwa mwili mbichi ni damu iliyokaushwa kwenye kadi maalumu. Kwa ulioharibika ni gego zima lisilotoboka, au kipande cha sentimita 4 hadi 6 cha mfupa wa paja, sehemu ya katikati. Kilichokauka kiwekwe kwenye bahasha ya karatasi. Ndani ya mfuko wa plastiki unyevu unakwama na ukungu unaota. Ndugu haendi mwenyewe na sampuli mfukoni. Tanzania ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na kwa kesi ya namna hii barua ya polisi ndiyo inayofungua njia ya kwenda Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kusafisha fuvu

Fuvu ni kielelezo cha polisi. Kila linapohama mkono, anayetoa na anayepokea wasaini, na tarehe iandikwe. Aliyeokota mifupa shambani asiinyanyue. Apige simu kituoni.

Hakikisha sampuli zimeshachukuliwa, ndipo uloweke fuvu kwenye maji ya moto yasiyotokota, yenye sabuni ya kuoshea vyombo. Badilisha maji yakichafuka, ondoa nyama kwa kijiti cha mti na mswaki laini. Jiki haitakiwi: inaharibu vinasaba na kufanya mfupa uwe wa ungaunga. Maji yamwagwe kupitia chujio, kwa sababu meno ya mbele yana mzizi mmoja na huchomoka kirahisi; jino moja likipotea kwenye sinki umepoteza upana wa mdomo na ushahidi kwa pamoja. Kausha kivulini. Jua kali linapasua meno.

Sasa fuvu liende kwa daktari wa patholojia au mtaalamu wa mifupa aandike jinsia, umri na urefu. Mfinyanzi asijikadirie. Katika moto wa kituo cha King's Cross, London, Novemba 1987, mwili mmoja ulibaki bila jina, na Richard Neave, mmoja wa mabingwa wa fani hii, akaufinyangia uso. Umri ulikuwa umekadiriwa kati ya miaka 40 na 60. Jina lilipatikana mwaka 2004, na marehemu alikuwa na zaidi ya miaka 70. Klipu ya chuma iliyowekwa kichwani kwa upasuaji ilisaidia kufunga kesi. Umri ukikosewa mwanzoni, watu sahihi wanapita mbele ya picha bila kujiuliza.

Nakala ya fuvu

Usifinyange juu ya fuvu lenyewe. Hospitali ikikubali kulipiga picha ya CT, nakala inaweza kuchapwa kwa printa ya 3D. Pasipo hiyo, tumia silikoni, au unga wa aljineti wanaotumia madaktari wa meno. Kwanza ziba matundu ya macho, pua na masikio kwa pamba na udongo laini, maana mfupa wa ndani ya tundu la jicho ni mwembamba kama karatasi na utang'oka pamoja na silikoni au aljineti yako. Aljineti huganda haraka kwenye maji yenye joto, na maji ya bomba ya hapa mchana ni ya joto. Tumia ya friji. Ikishaganda, mimina plasta ndani ya nusu saa, kwa sababu inanywea kadiri inavyokauka. Kwa plasta ya Paris, kilo 2 kwa lita 1 ya maji ni kipimo kizuri. Angalia mfuko kabla ya kununua: plasta iliyovuta unyevu ina mabonge na haikazi sawasawa.

Taya la chini lifungwe likiacha nafasi ya milimita 2 au 3 kwenye kiungo chake, palipokuwa na gegedu, na meno yasigusane. Ukiyabana, uso wote unafupika. Simamisha fuvu kwenye mhimili ili ukingo wa chini wa tundu la jicho na ukingo wa juu wa tundu la sikio viwe kwenye mstari mmoja wa mlalo. Ndivyo kichwa cha mtu aliye hai kinavyokaa.

Vigingi na udongo

Vigingi vya kuonyesha unene wa nyama juu ya mfupa hukatwa kutoka kwenye vifutio vya penseli. Kwa mpango uliozoeleka kuna aina 21 za alama, 10 katikati ya uso na 11 za pande mbili, jumla vigingi 32. Kila kimoja kipimwe kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, kiandikwe namba, na kigandishwe kikiwa wima juu ya mfupa. Kigingi kilicholala kinadanganya unene. Kwa kukadiria tu: katikati ya paji, juu ya pua, ni milimita 5 hivi; mwisho wa mfupa wa pua 3; kati ya pua na mdomo 11 au 12; mbele ya kidevu 11. Fuata jedwali moja la unene wa nyama kwa uso mzima, usichanganye mawili. Jedwali la Rhine na Campbell la mwaka 1980, linalotajwa sana kwa watu wenye asili ya Afrika, lilipimwa kwa Wamarekani weusi, si kwa watu wa Pwani wala wa Kanda ya Ziwa. Lichukue kama mwelekeo.

Macho yawekwe kabla ya udongo. Tumia gololi ya milimita 24 au 25, ikae karibu kidogo na dari na ukuta wa nje wa tundu, na mbele yake ipite ukingo wa nje wa tundu kwa milimita 16 hadi 18. Vitabu vya zamani viliizamisha zaidi, ndiyo maana sanamu nyingi zinaonekana kama za wagonjwa. Pembe ya nje ya jicho inashika kwenye kijinundu kidogo ndani ya ukingo, kama milimita 10 chini ya maungio ya mfupa wa paji na wa shavu. Papase kwa kidole, utakipata.

Misuli ya kutafunia na ya panja ndiyo inayoamua upana wa uso, hivyo ijaze kwanza, kisha unganisha vigingi kwa vipande vya udongo. Plastisini, udongo wa mafuta usiokauka, inalegea mchana wa Dar. Fanya kazi asubuhi na uweke feni. Udongo wa mfinyanzi unapasuka ukikauka, hivyo ufunike kwa kitambaa kibichi kila ukiondoka.

Upana wa pua: pima tundu la pua kwenye mfupa, ongeza milimita 16 kwa mtu mwenye asili ya Afrika, 8 kila upande. Upana wa mdomo: umbali kati ya chonge mbili za juu ni kama asilimia 75 ya mdomo mzima, kwa hiyo chonge zikiwa na milimita 39, mdomo ni 52. Unene wa midomo, masikio, kope na nywele fuvu haliyasemi vizuri. Hapo ndipo wafinyanzi wenye kipaji wanapoharibu. Mkono uliozoea kuchonga sura za kupendeza unaleta sura ya kupendeza, au ya mtu ambaye mchongaji anamfahamu. Usiongeze makunyanzi, unene wala tabasamu ambavyo ripoti haikuvitaja. Lakini mwanya au jino lililomeguka likiwepo, fungua midomo kidogo lionekane, kwa sababu hilo una hakika nalo.

Kutoa picha

Piga mbele na upande, bila rangi ya ngozi, ili macho ya watu yasishikilie rangi uliyobuni. Kwa mwanamke toa matoleo mawili au matatu: nywele fupi, amesuka, amejitanda. Maneno yawe mafupi: "Sura ya makadirio. Mwanamume, miaka 25 hadi 40, urefu sentimita 165 hadi 173. Ana mwanya meno ya juu." Ongeza nguo, mahali na tarehe alipopatikana, na simu ya kituo cha polisi. Bakiza jambo moja bila kulitangaza, labda kovu au lebo ya suruali, la kumpima atakayejitokeza.

Bandika ofisi za serikali ya mtaa, Feri, Kariakoo, stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, misikitini na makanisani, vijiwe vya bodaboda. Watu wengi wanaofia Dar bila ndugu walikuja kutafuta maisha, na anayewajua yuko mkoani. Redio ya huko inafanya kazi kuliko bango la mjini.

Ndugu akifika

Msalimie na umpe kiti. Usiseme "pole kwa msiba", kwani bado hujui kama kuna msiba. "Shikamoo mama, pole na mahangaiko. Tunaomba utusimulie kuhusu kijana wako, kisha tutakwambia tulichonacho." Muulize kabla hujamwonyesha chochote: lini alionekana mara ya mwisho, aliwahi kuvunjika wapi, meno yake yakoje, nani ana picha zake akicheka. Swali la "Alikuwa na mwanya?" linampa jibu. Mwombe aeleze meno mwenyewe.

Maelezo yakilingana, chukua sampuli ya mate kutoka kwa wazazi au watoto wa anayetafutwa. Ndugu wa tumbo moja wanasaidia, ila jibu la sampuli zao ni dhaifu zaidi, hivyo tafuta wawili au watatu. Jina likithibitishwa, rekebisha rejesta ya mochwari, ondoa mabango yote, na familia ielekezwe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kwa cheti cha kifo.

Jina lisipopatikana na mwili ukalazimika kuzikwa na manispaa, kila mwili uwe na kaburi lake. Namba ile ile ya mochwari iende kaburini pamoja na mwili na juu ya kibao cha chuma, kwa kuwa cha mbao kitaliwa na mchwa, na vipimo vya GPS vya mahali kaburi lilipo, kutoka kwenye simu, viandikwe ndani ya jalada.