Kabla Hujanunua Tundu la Ndege

Wengi hununua ndege kwanza na tundu baadaye, mara nyingi siku hiyohiyo, ndege akiwa tayari ndani ya boksi anapigapiga mabawa. Katika haraka hiyo jicho ndilo linaloamua: lipi linapendeza, lipi litaenea pale pembeni mwa sebule. Naomba ugeuze mpangilio huo. Tundu litangulie nyumbani, lipangwe na kukaguliwa, ndipo ndege aje. Na hata kabla ya kulitafuta, ujue ni ndege gani atakayekaa humo, kwa sababu tundu hupimwa kwa mabawa yake na mdomo wake.

Mabawa kwanza. Ndege akiyakunjua yote mawili asiguse waya upande wowote, na hicho ni kiwango cha chini kabisa, kwani anahitaji pia kuruka. Wale kasuku wadogo wa asili ya Australia, wenye mistari mgongoni, mabawa yao yakikunjuliwa hufika kama sentimita 30. Jozi yao isikae katika tundu lililo chini ya sentimita 75 kwa urefu, 45 kwa upana na 45 kwa kimo. Kasuku wa kijivu wa Afrika, ambaye mabawa yake hukaribia nusu mita, atake tundu la sentimita 90 kwa 60, lenye kimo cha 120 hivi. Ukipata kubwa zaidi, chukua. Angalia urefu wa kwenda upande kuliko kimo, maana ndege huruka akielekea mbele. Chiriku na kanari hasa hushinda wakikata kutoka kijiti hiki hadi kile, na tundu jembamba lililosimama kama mnara huwanyima hilo hata likiwa na nafasi tele juu.

Ukubwa hautoshi kama nyaya zimeachana mno. Kichwa kikipita, mwili utafuata au utakwama, na kukwama ndiko kubaya zaidi. Kwa ndege wadogo nafasi kati ya waya mmoja na mwingine isizidi sentimita 1.2. Kokateli, yule mwenye kishungi, anaweza kupewa hadi karibu 2, na kasuku wa kijivu kati ya 2 na 2.5. Nenda na rula. Tundu kubwa la kuvutia mara nyingi limetengenezwa kwa ajili ya ndege mkubwa, na mtu hulinunua akidhani anamfanyia hisani ndege wake mdogo. Kwa jamii ya kasuku tazama pia mwelekeo wa nyaya: wao hupanda kwa miguu wakisaidiwa na mdomo, kwa hiyo angalau pande mbili ziwe na nyaya zilizolala.

Matundu ya duara yenye kilele kama kuba nayaogopa. Kule juu nyaya hukutana na kubana, na kidole kikiingia hakitoki. Langu la kwanza lilikuwa la namna hiyo. Asubuhi moja nilimkuta kanari ananing'inia kwa kidole kimoja, amechoka hata kupiga kelele. Alipona, ila mguu ule hakuutumia vizuri tena. Sijanunua tundu la duara tangu siku hiyo.

Suala la malighafi ndilo linalosahaulika kuliko yote. Kasuku hutafuna kila kitu, na waya uliopakwa zinki humwachia chembechembe mdomoni. Zinki humtia sumu, na madini ya risasi yaliyomo katika rangi za zamani au katika maungio yaliyochomelewa ni hatari zaidi. Ndege hutapika, huzubaa, kinyesi hubadilika, na hatimaye anaweza kupata degedege. Dalili hizo zikitokea mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwani tiba ipo ikiwahiwa. Chuma kisichoshika kutu ndicho salama kuliko vyote, ingawa bei yake iko juu. Rangi ya unga iliyookwa kiwandani nayo inafaa mradi haijabanduka. Ukiona mahali imemeguka na kutu inachungulia, usilinunue. Kusugua waya wa zinki kwa siki na brashi hupunguza chembe zilizolegea, lakini zinki yenyewe inabaki.

Milango ijaribu kwa mkono wako. Ile ya kuinua juu hufunguliwa na kasuku mwerevu, na inaweza kumwangukia shingoni, hivyo iwekee kibanio. Trei ya chini ivutwe bila kulazimika kufungua mlango, la sivyo usafi wa kila siku utaanza kuahirishwa.

Vijiti vinavyokuja na tundu aghalabu ni vya unene mmoja, laini kama mpini wa ufagio. Ndege husimama mchana na usiku, na nyayo zikibanwa mahali palepale hupata vidonda visivyopona upesi. Mwekee matawi halisi ya unene tofauti, ya mti usio na sumu na usiopuliziwa dawa, uyasugue na kuyakausha. Vidole vizunguke kijiti karibu theluthi mbili, visikutane. Usimfungie vile vilivyovikwa msasa kwa kudhani vitapunguza kucha. Huchubua nyayo tu. Na kijiti kisikae juu ya chombo cha maji, kwa sababu iliyo wazi.

Halafu mahali. Jikoni hapana. Kikaango chenye utando usioshika chakula kikipata moto kupita kiasi hutoa hewa ambayo wewe huenda usiihisi, lakini mapafu ya ndege huivuta na anaweza kufa ndani ya dakika chache. Chagua chumba ambamo watu hukaa, upande mmoja wa tundu uegemee ukuta ili ajihisi ana kinga nyuma yake, na kiwepo kitambaa cha kulifunika usiku, kwani anahitaji saa 10 hadi 12 za kulala.

Kama tayari unaye ndege mwingine, andaa tundu la pili, dogo, katika chumba tofauti. Mgeni akae huko siku 30 au zaidi kabla hawajakutana. Baadaye litakufaa kumsafirishia kwa daktari.

Tundu likishaunganishwa, pitisha vidole ndani kote ukitafuta ncha kali, kisha liache tupu mahali pake siku nzima na ulitazame. Kama jua la saa nane linalipiga lote bila kona yenye kivuli, lisogeze sasa, kabla hajaingia asiyeweza kulikimbia.